Om Juu ya Mlango

Antoinette aliichukia ile alama tangu alipokodi chumba cha saluni katikati ya Durban. Ilichorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, kama namba tatu iliyoota mkia. Mwenye nyumba, mjane wa Kihindi, kila Ijumaa alikuja kuwasha ubani chini yake, akanong'ona, akaenda zake. Tangu Antoinette ahamie, mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilikuwa tumboni, na hiyo aliitaka kwa moyo wote. Angelala usingizi gani?

"Hii iko nyoka," alisema Pasta Ezéchiel, siku alipokuja kuombea duka. "Mimba mbili imekula, mama. Futa!"

Kwamboka, Mkenya anayesomea lugha chuo kikuu, alikuwa kitini, nywele nusu zimesukwa. Akadakia: "Nyoka wapi, Pasta! Hilo ni neno, Om. La Kisanskriti, kongwe mno, Kihindi kimelirithi. Wengine hulitamka kwa sauti tatu, a, u, m. Watamil huliandika kwa umbo lao. Lilitoka wapi hasa, wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema hapo zamani lilikuwa 'ndiyo' tu, la kuitikia."

"Wanaitikia nani?" Pasta akauliza.

 Kwamboka akamgeukia msusi wake. "Dada, liache tu. Wale wa kufukuza wageni kama sisi wakiliona hudhani duka ni la Mhindi wa hapa. Ndiyo maana wanakupita."

Antoinette alisikia vizuri sana, lakini nyoka alikuwa amekwisha kumwingia kichwani. Mteja alipoondoka tu, akapanda juu ya kiti, akakwangua kwa kisu mpaka ukuta ukabaki mweupe. Jamani, alivyojisikia mwepesi! Akaimba pambio hata mbili.

Jumamosi asubuhi wale wa kufukuza wageni wakaja wakiandamana na fimbo zao. Peguy, mgeni mwenzake wa duka la simu jirani, alishateremsha shata la chuma. Antoinette akaendelea kukunja taulo, maana siku zote walipita tu.

Safari hii walisimama. Wakautazama ukuta ule mweupe, wakaulizana. Mwanamume mmoja akaingia, akainua mkono wake, akajigonga kiwiko.

"Kwa Kizulu hiki kinaitwaje, mama?"

Kizulu alichokijua Antoinette kilikuwa cha kusalimia, kutaja bei na kuomba radhi. Kiwiko, neno walilotumia kumtambua mgeni, hakuwahi kukihitaji. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Yule mwanamume akangoja kidogo, kwa adabu kabisa, kisha akaufunga mlango kwa ndani.