Wali Ulionuka Lami

Mashine yangu ya kukoboa mpunga ilisimama mwezi wa nane, dizeli ilipokauka Majimoto nzima. Sheli walifunga kamba getini. Waliokuwa na madumu ya akiba waliyaficha. Magunia ya watu yalijaa kwangu mpaka barazani, na wenyewe wakaanza kusema watayapakia kwenye mikokoteni wayapeleke kwingine. Mtu akishahamisha mpunga wake, msimu ujao harudi.

Ndipo shemeji yangu Silvester akaja na viroba viwili vya makaa ya mawe. Silvester ni Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, mume wa dada yangu Minza. Alikuwa ametoka kufanya kibarua cha kuchimba makaa huko Rukwa.

"Shemeji, dizeli hii hapa," akasema, akapiga kiroba teke.

"Hayo mawe."

"Mhandisi wetu alituambia. Afrika Kusini magari yanatembea kwa makaa. Unayapika, yanatoa moshi, moshi ukipoa unakuwa mafuta. Ni kama gongo tu."

"Na yeye alipika mangapi?"

"Alisema kiwanda kitakuja."

"Basi subiri kiwanda."

Akacheka. "Nyie Wasukuma, kitu kisipokuwa na pembe hamkiamini."

Nilimwambia wazi kwamba mafuta ya pipani hayaingii kwenye mashine yangu. Nozeli ikiziba, mpya inatoka mbali, na msimu unakuwa umekwisha. Akasema sawa, niyaone kwanza halafu niseme.

Aliazima mtambo kwa jirani yake Pudensiana, mpika gongo: pipa, bomba, beseni la maji ya kupoozea. Pudensiana akamwonyesha kama anavyofanya mwenyewe. Pipa likae ndani, mlango ufungwe, madirisha yazibwe kwa magunia, harufu isitoke. Gongo hupikwa hivyo kwa sababu ya polisi. Makaa ya mawe hayatafutwi na polisi yeyote. Lakini mtambo ule siku zote hufichwa, naye Silvester akauficha jikoni kwake.

Minza alitoka sokoni akakuta mlango wa jiko umekomewa kwa ndani. Aligonga, akaita, akaja kwangu akikimbia. Niliuvunja kwa shoka. Moto ulikuwa bado unawaka chini ya pipa. Silvester alikuwa ameegemea ukuta kama mtu aliyesinzia, na mbele yake dumu dogo, nusu limejaa mafuta ya kahawia. Nilimvuta nje. Mwili ulikuwa wa moto lakini hapumui. Zahanati wakasema ni hewa ya makaa. Mlango ungekuwa wazi, pengine angepona.

Tukamzika. Kesho yake asubuhi Minza akaja kwenye mashine na lile dumu mkononi na mpunga kichwani. Wenye magunia walikuwa wanapakia mikokoteni.

"Kaka, tia."

"Itakufa hii, Minza."

"Tia. Wanasema mume wangu kafa akipika uchafu."

"Mashine ni yangu."

"Na mume alikuwa wangu."

Wale wa mikokoteni waliacha kupakia. Nilimtazama dada yangu, macho yamevimba, kanga ya msiba kiunoni. Nikatia. Nikazungusha hendeli, ikakataa. Nikazungusha tena, ikakohoa. Mara ikashika, ikatoa moshi mweusi uliojaa banda zima, mkanda ukaanza kuzunguka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Loo, mafuta kweli!" Minza alimwaga mpunga wake juu bila kumwangalia mtu.

Ulipofika nusu, mashine ilianza kugonga kama nyundo. Sikuizima. Ilikoboa mpaka punje za mwisho, ikapiga mlio mmoja mkali, ikanyamaza. Nilijaribu hendeli. Haikusogea hata kidogo.

Wenye magunia waliendelea kupakia. Ilipofika saa sita baraza langu lilikuwa tupu. Mpaka leo liko hivyo.

Mchele ule Minza aliupika mchana, kwa ajili ya waliotoka Katumba. Wali ulinuka lami. Watu walitafuna polepole, wengine wakasukuma sahani pembeni. Mzee Apollinarie, baba yake Silvester, alikula mpaka akamaliza, akafuta mkono kwenye suruali, kisha akanyoosha sahani aongezewe.