Pijo la Marehemu Fondo

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, marehemu Fondo huja nyumbani kwake Chaani kulitengeneza gari lake la kale, Pijo. Huingia kwa lango la nyuma, akavua viatu alivyozikwa navyo asivichafue kwa oili, akafungua boneti. Mkewe, Dorcas, humtengea chai kibarazani. Mara nyingi chai hupoa, maana Fondo hana wakati. Huwa amekuja kwa ajili ya gari.

“Hata hujambo hanipi,” Dorcas alimlalamikia jirani yake, Nafula. “Na alipokuwa hai ilikuwa vivyo hivyo.”

Nafula, karani wa mizigo pale uwanja wa ndege, alikuwa akiegesha gari lake la umeme katika ua huo huo. Alilipenda kwa ukimya wake. Alisema atalitunza hadi lizeeke kwa heshima kama Pijo, awarithishe wajukuu. Tajiri mmoja wa Nyali, mkusanyaji wa magari ya kale, alikuwa akija kumbembeleza Dorcas amuuzie Pijo, na Nafula akamwonyesha lake pia.

“Hili watalikusanya wanunuzi wa vyuma chakavu,” yule bwana alisema kwa upole.

Asubuhi moja gari la umeme halikuamka. Kampuni iliyoliunda, huko ng’ambo, ilikuwa imeacha kulihudumia. Betri yake haitengenezwi tena, na kompyuta yake haikubali nyingine. Nafula akangoja Jumamosi.

“Shikamoo, mzee. Nitazamie na langu.”

“Marahaba, mwanangu.”

Fondo alilizunguka, akalala chini yake, akaligonga gonga. Hakuona pa kutia spana. Skrini iliwaka kidogo, ikamtaka nenosiri, ikazimika.

“Nimepenya saruji ya kaburi,” alisema, akijifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. “Hapa sipenyi. Nitaulizia kule kwetu kama yuko fundi aliyeliunda.”

Juma lililofuata alileta jibu.

“Hayupo. Wote wangali hai.”

“Hao nimewapigia simu mwezi mzima,” Nafula alisema. “Kuna sauti hunishukuru kwa subira yangu, kisha hunishauri ninunue jipya.”

Siku hiyo Fondo hakuligusa Pijo. Alikaa kibarazani akilitazama gari la umeme, mikono mapajani, akitikisa kichwa. Akanywa chai ikiwa bado moto. Akamuuliza Dorcas mguu wake unaendeleaje, naye Dorcas akamweleza kirefu, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo.

Nafula alipoleta lori la kulivuta gari lipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma, alimkuta Dorcas amesimama langoni na mkongojo wake.

“Liache hapo hapo, mwanangu,” Dorcas alisema. “Mume wangu akilitazama hilo, hukosa la kufanya. Akikosa la kufanya, hukaa nami.”

Nafula akamwambia dereva wa lori arudi, akapanda bodaboda kwenda kazini.