Begi la Kijani Nyuma ya Mazulia

Mimi sinunui kitu kwa bei yake. Aliyeandika bei ile alikuwa anajaribu bahati, nami sioni kwa nini bahati hiyo aipate kwangu. Nyumbani kwetu kila kitu, kuanzia kitanda hadi kijiko, kiliingia kwa punguzo. Siku mume wangu alipokuja na mwavuli alionunua kwa bei kamili, eti kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, nilimuuliza kama mvua inaua. Mwavuli huo mpaka leo tunauita Tajiri.

Kwa hiyo nadhani unaipata picha yangu asubuhi ile ya Jumamosi, nimesimama nje ya duka kubwa na jeshi langu lote, mume, mama mkwe na watoto, milango bado imefungwa, vioo vimejaa karatasi nyekundu: PUNGUZO LA SIKUKUU, NUSU BEI. Moyo ulinidunda utadhani nasubiri kuposwa. Nyuma yetu foleni ilikuwa imekata kona, na kila mmoja aliyejiunga nayo nilimpima kwa macho kuanzia viatu. Yule amefuata masufuria. Yule, blanketi. Yule mwanamke mwenye kitambaa cha zambarau simwamini kabisa.

Mimi nilikuwa nimefuata kitu kimoja: begi la safari la kijani, gumu, lenye kufuli na magurudumu manne yanayozunguka pande zote. Lilikuwa la binti yangu mkubwa. Wadogo zake wanamwita Dada, na sisi wazazi tumeambukizwa, naye ni Dada wa nyumba nzima. Dada amepata kazi, ya kwanza maishani mwake, katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa treni. Sikukuu ikiisha anaondoka.

Sasa, mimi nilipoolewa nilitoka kwetu na nguo zangu zimefungwa ndani ya shuka, fundo kichwani. Ukoo wa mume ulikuwa umesimama mlangoni kunipokea, na walicheka. Mama mkwe wangu anasema hakucheka. Alicheka. Siku ile niliapa kwamba nikijaliwa binti, hatatoka kwangu na fundo la shuka. Atatoka anaburuta begi la maana, na watakaompokea huko aendako watajua huyu ana kwao.

Kiapo ni rahisi, begi ndilo ghali. Mimi ni dobi. Tunafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli na nyumba za wageni, na sikukuu zikikaribia mashine hazizimwi, kwa sababu dunia nzima inasafiri na kila msafiri anataka shuka safi. Nimekunja mashuka ya hoteli ambazo sijawahi kuona hata milango yake. Dada alipopata barua ya kazi aliniuliza, "Mama, utakuja kunitembelea?" Nikamjibu, "Nije na nini? Nijitwishe fundo tena?" Tukacheka, yakaisha. Mimi kuomba likizo sijui, na mzaha ulikuwa karibu kuliko ukweli.

Lakini begi nililiwekea mpango. Ujanja wangu ni huu: ukikipenda kitu kabla ya siku ya punguzo, usikiache kwenye rafu yake. Kihamishe mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu atakitafuta, siku ikifika uende moja kwa moja. Watoto wangu wote wamekunywa ujanja huu pamoja na maziwa. Basi Alhamisi nilipotoka kazini nilipita dukani, nikalibeba begi mpaka nyuma ya mazulia yaliyoviringishwa, nikaliegemeza ukutani na kulifunika kwa zulia la kahawia ambalo lipo pale tangu duka lifunguliwe na litakuwepo sote tukishakufa.

Sikumwambia mtu. Kitinda mimba wetu tunamwita Redio, na kumwambia Redio siri ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Asubuhi hiyo, hata hivyo, Redio alikuwa kimya. Njia nzima hakusema neno, midomo ameibana kama anayelazimishwa uji. Nilimgusa paji la uso. Hana homa. Nikasema labda usingizi.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Mama, wewe nenda kaunta, utushikie nafasi." Mama mkwe wangu hodari sana kwa foleni; akijishika kiuno na kuguna mara moja tu, watu wanampisha hadi mbele. "Baba watoto, viatu vya shule. Dada, sahani. Redio, shika sketi yangu na usiiachie hata moto ukiwaka."

"Na wewe unaenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Naenda ninakokwenda."

Mlinzi akafungua. Loo! Watu waliingia kama maji. Nilipita masufuria, nikapita mablanketi, nikamkwepa mtu aliyekumbatia kabati la plastiki asiyeona mbele, na Redio ananing'inia nyuma yangu kama mkia. Yule wa kitambaa cha zambarau alikuwa upande wangu wa kulia, mbio zake si haba, nikakata kona ya ndoo na kumwacha. Nilifika kwenye mazulia nahema, nacheka peke yangu. Nikalivuta lile la kahawia.

Ukuta mtupu.

Nikalivuta la pili. La tatu. Nikapiga magoti nikachungulia chini. Hakukuwa na kitu ila vumbi. Niliwaona tena wale watu mlangoni, siku ya harusi yangu, na katikati yao namwona mwanangu na mfuko wa plastiki mkononi, naye anajitahidi kutabasamu. Machozi yakanijia papo hapo, katikati ya duka, siku ya furaha.

"Mama watoto, umepotelewa na nini?" Mume wangu alikuwa nyuma yangu, hana kiatu hata kimoja mkononi. Kwanza nilishangaa amefuata nini huku.

"Begi! La kijani! La Dada! Nimelificha hapa kwa mikono yangu, na kuna mwizi ameliiba!"

Akajikuna kichwa. Namjua mtu huyu. Akijikuna kichwa kuna neno.

"La kijani," akasema polepole. "Nyuma ya zulia la kahawia."

"Umejuaje zulia la kahawia?"

"Jana asubuhi nilipita hapa. Nilitaka kumnunulia Dada begi, nikafikiri, kama mtu mjanja angetaka kulificha, angelificha wapi? Nikaja hapa. Nikalikuta. Nikasema lo, aliyeficha huyu ni fundi, kesho atakuja mapema. Basi nikalihamisha."

"Ukamwibia mkeo!"

"Ningejuaje ni wewe? Hukusema!"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kumbe hata mume. Sikuwa na nafasi ya kumgombeza. "Liko wapi?" Akanishika mkono, tukakimbia watatu kuelekea kwenye mapazia, tukayafunua moja moja kama wanaomtafuta mgoni. Nyuma ya pazia la mwisho, zito, la maua makubwa, palikuwa na fimbo ya kupimia madirisha na hakuna kingine.

"Nililiweka hapa," mume wangu akasema. "Hapa hapa!"

Tukakimbilia kaunta. Mama mkwe alikuwa ameshafika mbele kabisa, ameegemea kana kwamba duka ni lake, na foleni ndefu inamtazama kwa chuki.

"Mnanunua au hamnunui?" akauliza. "Nimechoka kuguna."

"Mama, begi la Dada limepotea! La kijani. Lilikuwa nyuma ya mapazia!"

Akatazama pembeni. Mama mkwe wangu hatazamagi pembeni hata mbele ya polisi.

"Mama!"

"Sasa mnanipigia kelele za nini?" akasema. "Jana mchana tulikuja hapa mimi na Dada na huyu mdogo kununua kandambili zangu. Nikaliona limejificha kwenye pazia, nikajua kuna mtu ana nia mbaya nalo. Nami nilitaka nimpe mjukuu wangu kitu. Mnadhani ni nyinyi tu? Nikalisukuma chini ya mabeseni ya kuogeshea watoto, pale. Hakuna anayenunua beseni kabla mtoto hajazaliwa."

Mume wangu alishaondoka mbio. Nilimwona kwa mbali anainua beseni la kwanza, la pili, la tatu, kisha akasimama na beseni la waridi mikononi, akatikisa kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sasa nguo zilikuwa zimekwisha. Hakubaki mwingine wa kulificha.

Hapo ndipo nilipousikia mguno kwenye sketi yangu. Redio alikuwa amevimba mashavu, mekundu, macho yamemtoka, mikono yote miwili imefunika mdomo.

"Redio," nikasema. "Mwanangu. Sema tu."

Yakapasuka. "Dada amelinunua! Jana! Nilimwona bibi anaficha nikamwambia Dada, na Dada akalilipia wakati bibi anajaribu kandambili, akarudi jioni kulichukua, liko kwa jirani, na akanipa peremende nisiseme, na amelinunua kwa bei ile ile!"

"Bei ipi?"

"Ile ile!"

"BEI KAMILI?"

Duka zima liligeuka. Msichana wa kaunta aliacha kuhesabu. Dada mwenyewe akatokea kati ya rafu za sahani, na alipoziona nyuso zetu akajua redio imefunguliwa.

"Umelipa bei kamili," nikamwambia. "Siku moja! Siku moja tu kabla ya nusu bei! Hela ulizopata kwa kufundisha watoto wa watu jioni, za kununulia viatu vyako vya kazini! Na begi lako lilikuwa liwe kazi yangu mimi. Kazi yangu!" Kisha akili yangu ya kawaida ikarudi. "Risiti iko wapi? Ilete. Tunalirudisha sasa hivi, wanatupa hela, tunalinunua tena kwa nusu. Haraka!"

"Risiti nimeichana, mama."

"Umefanya nini?"

"Nimeichana. Na kibandiko cha bei nimekibandua nikakitupa jaani. Nilijua ungelirudisha."

Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Halafu si langu," akasema. "Ni lako. Nilitaka nikupe siku ya sikukuu, lakini ndiyo hivyo." Akamtazama Redio, Redio akajificha nyuma ya bibi yake. "Ulisema huwezi kuja kunitembelea kwa sababu huna cha kubebea nguo. Sasa unacho. Tafuta sababu nyingine."

"Dada, ule ulikuwa mzaha."

"Haukuwa mzaha. Nakujua."

"Basi ungengoja leo! Hata kama ni langu! Nusu bei, mwanangu, nusu!"

Akainama kidogo, akashika kola ya blauzi yangu iliyokuwa imepinda kwa mbio zile, akainyoosha. "Wewe sikutaka kukununulia kwa punguzo, mama. Wewe kwa bei yako."

Sasa mimi mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Wauza nyanya wananijua, makondakta wananijua. Lakini pale nilisimama, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, na watu wenye masufuria wananipita kushoto na kulia. Mama mkwe akanipa ncha ya kanga yake nijifute. Akanong'ona, "Siku ile nilicheka kweli. Nisamehe." Nikacheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho hakipendezi kwa mtu wa umri wangu.

"Jamani, kaunta!" mtu akapiga kelele nyuma.

Niliwaambia wasubiri. Nikaenda mwenyewe kwenye rafu ya mabegi. Ilikuwa imekombwa; wakati sisi tunaibiana wenyewe kwa wenyewe, wenzetu walikuwa wananunua. Lilikuwa limebaki moja, juu kabisa, la buluu, zuri kuliko hata lile la kijani. Magurudumu manne. Kufuli. Mhudumu wa sehemu ile ananijua vizuri. Tumegombana juu ya blenda, juu ya pasi, juu ya stuli yenye mguu mfupi. Aliponiona nimelinyooshea mkono akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo.

"Mama, hilo ndiyo kwanza limeingia. Halina punguzo. Naapa, halina, hata ukimwita meneja..."

"Nimekuuliza bei?"

Akaliangalia begi, akaniangalia mimi.

"Lishushe," nikasema.

Akalishusha, ananitazama kama anatafuta mtego ulipo. Nililiburuta mwenyewe hadi kaunta. Niliitoa ile hela niliyokuwa nimeiweka kando kwa ajili ya begi, haikutosha, nikaongezea ya viatu vya shule, mume wangu akatoa aliyokuwa ameificha kwenye soksi, na mama mkwe, huku anaguna, akafungua fundo la kanga. Msichana wa kaunta alipokea zote. Aliniuliza kama nataka risiti. Nikamwambia aichane.

"La kwako," nikamwambia Dada. "Na Jumatatu namwomba bosi likizo. Akininyima, mashuka yake atayakunja mwenyewe."

Dada alinikumbatia mpaka mbavu zikalalamika. Tulitoka nje kwenye jua, Redio amepanda juu ya begi la buluu, mume wangu analisukuma, magurudumu yanalia kwenye vigae vya njia. Tulipita kwa jirani tukachukua na la kijani. Nililiburuta mimi mwenyewe hadi nyumbani, katikati ya barabara, taratibu, kila mtu aone.

Mama mkwe alituangalia mlangoni, mabegi mawili yamesimama sebuleni yanang'aa, matupu.

"Haya," akasema. "Mna mabegi ya kitajiri. Nguo za kutia humo ziko wapi?"

"Punguzo la nguo linaanza Jumamosi ijayo," nikamjibu. "Na safari hii, tafadhali, kila mtu aseme anachokificha."