Foki Ndefu

Foki zilikuwa zimelazwa juu ya mbao, jozi mbili, na Edinah alikuwa amekwisha kuchagua moyoni kabla mtu hajamuuliza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na nia ya kumuuliza.

Walikuwa Kitale, kwenye yadi ya Wahu, mama mmoja anayeuza vifaa vya trekta kando ya barabara ya kwenda Kiminini. Makokha, baba mkwe wake Edinah, alisimama katikati ya zile jozi mbili, mikono nyuma, vile alivyokuwa akisimama zamani akikagua ng'ombe alipokuwa afisa wa mifugo. Mwaka huo alikuwa amenunua trekta yenye loda, ile mikono miwili ya chuma ya mbele inayoinua mzigo. Ilikuja na ndoo ya kuchotea udongo. Sasa alitaka kuitoa ndoo na kuweka foki, vile vyuma viwili virefu vinavyoingia chini ya mzigo, kwa sababu stoo ya wakulima kule kwao Kabuchai ilikuwa imempa kazi ya kupakia mahindi kwenye malori. Mahindi yenyewe yalipangwa juu ya paleti za mbao, magunia kumi ya kilo hamsini kwa kila paleti, nusu tani.

Jozi moja ilikuwa ya futi nne. Ya pili ilikaribia futi saba.

"Hizi ndefu zinaingia chini ya paleti mbili mara moja," Makokha alisema. "Si ndiyo?"

"Kuingia zinaingia," Wahu akajibu. "Kuinua ndiyo maneno mengine, mzee. Mzigo ukikaa mbali na trekta unakuwa mzito zaidi. Beba debe la maji kifuani, halafu ulibebe na mikono imenyooka, utajua ninasema nini. Nani anaendesha?"

Makokha aliashiria kwa kidevu. "Bibi ya kijana yangu."

Wahu alimtazama Edinah juu hadi chini, akaona viatu vyake vya mpira na mafuta yaliyokauka kwenye kucha. "Wewe unasemaje, mama?"

Edinah alikuwa binti wa dereva wa trekta za miwa. Alianza kuendesha akiwa kidato cha pili, na mumewe, Khaemba, mwalimu kule Lodwar, hakuwahi kuuliza mara mbili nani ataishika ile trekta. Lakini kujua ni jambo moja, na kumbishia baba mkwe mbele ya mtu wa nje ni jambo jingine. Kwao mke wa mwana hasimami karibu na baba mkwe, hampi mkono, wala jina lake halitamki. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa Edinah alikuwa amemwita Papa, na watu wakimuuliza trekta ni ya nani, alisema ni ya babake Khaemba.

Kwa hiyo alimjibu Wahu, ila sauti aliipandisha kidogo imfikie aliyekusudiwa. "Mimi ningechukua fupi. Pale stoo kuna mteremko. Paleti moja moja, mtu anafanya kazi bila wasiwasi."

"Malori matatu yanakuja Alhamisi," Makokha alisema, naye pia akimwambia Wahu. "Eliakim wa stoo amesema yakitoka pale baada ya saa sita, kazi anapewa mwingine. Moja moja tutamaliza lini? Funga hizi ndefu."

Wahu alimtazama Edinah, kisha akachukua spana.

Jioni hiyo Edinah alimpigia mumewe. Alimweleza juu ya mteremko, akamweleza juu ya urefu wa foki, akamwomba aongee na babake.

"Mzee ni mzee, Mama Nekesa," Khaemba alisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Nikimwambia, atauliza nani amenituma. Wewe enda tu polepole."

Alhamisi mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Elgon tangu asubuhi, meusi, na kila mtu pale stoo alikuwa akiangalia juu. Mvua ikinyesha juu ya magunia, mnunuzi angeyakataa yote. Edinah alianza na paleti moja moja. Foki zile zilitokeza mbele ya mzigo kama pembe, na ilibidi ahesabu kila kona asije akatoboa turubai la lori au tumbo la mtu. Lakini kazi ilienda. Lori la kwanza lilijaa saa nne kasoro.

Makokha alikuja akitembea haraka, saa yake mkononi, mbele ya wapakiaji wote.

"Mama Nekesa! Foki nilinunua za paleti mbili. Kwa nini unabeba moja?"

"Papa, pale kwa mteremko—"

"Mbili."

Eliakim, msimamizi wa stoo, alijifanya anasoma karatasi zake. Angeweza kuzima injini na kushuka. Lakini kesho yake angeamkia wapi? Katika boma la nani?

Akaingiza foki chini ya paleti mbili.

Ndani ya stoo, penye sakafu ya saruji, zilinyanyuka. Loda iliguna, magurudumu ya mbele yakabonyea, ila zilinyanyuka, na mtu mmoja akapiga makofi. Edinah hakumtazama. Alikuwa akisikiliza kiti. Trekta ina namna ya kumkalia mtu mgongoni ikiwa salama, na ile haikuwa imemkalia. Nyuma yake palikuwa pepesi kama kitanda kilichotolewa godoro. Alishusha mzigo mpaka ukabaki shubiri moja kutoka chini, akatoka mlangoni kwa mwendo wa kinyonga.

Lori la pili lilisimama chini ya mteremko. Na kati ya trekta na lori, mgongo ukielekea kwenye bodi la gari, alisimama Makokha, akimwelekeza kwa mkono. Njoo. Njoo. Inua sasa, inua. Edinah akaupandisha mzigo kuelekea bodi la lori.

Gurudumu la mbele liliingia kwenye ufa wa ardhi.

Hapakuwa na kishindo. Upeo wa macho ulishuka tu, na Edinah akajikuta anaangalia chini badala ya mbele. Magurudumu makubwa ya nyuma yalikuwa yameacha ardhi. Alikanyaga breki mpaka goti likanyooka, na trekta ikaendelea kuteremka, maana breki za trekta ile zilikuwa za magurudumu ya nyuma, na ya nyuma yalikuwa hewani yakisimamisha upepo.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya leva. Akiziachia foki zishuke, ncha zingechoma ardhi na trekta ingesimama. Hilo alilijua. Lakini paleti ya mbele ingemwaga magunia yake hatua mbili mbele, na hatua mbili mbele ndipo ilipokuwa miguu ya Makokha.

"Papa, toka!" alipiga kelele. "Papa!"

Injini ilimeza nusu ya sauti. Nusu iliyobaki ilimfikia mzee, na yeye akafanya alivyozoea kufanya akipaziwa sauti na watoto: akakunja uso na kuendelea kupunga mkono. Palikuwa na wanaume kumi na watano pale wenye watoto. Kila mmoja ni Papa wa mtu.

Mita tatu. Mita mbili na nusu.

"Makokha!" Edinah aliita. "Wewe Makokha! Toka hapo!"

Mkono wa mzee uliganda hewani. Akageuka kumtafuta aliyethubutu, kwa hasira, kwa mwili mzima, na katika kugeuka huko akapiga hatua mbili kando kumwona vizuri.

Edinah alisukuma leva.

Foki zilichoma udongo. Trekta iliangukia magurudumu ya nyuma kwa kishindo kilichompeleka Edinah kifua juu ya usukani, na magunia ya paleti ya mbele yakaruka, yakagonga bodi la lori moja baada ya jingine pale pale mzee alipokuwa amesimama. Gunia la mwisho lilipasuka. Mahindi yakamwagika, yakajaa juu ya kofia ya Makokha iliyokuwa imeanguka chini.

Edinah alizima injini. Ajabu ni kwamba hakuna aliyezungumza juu ya magunia.

"Amemtaja jina," mwanamke mmoja mfagiaji alinong'ona. "Mke wa mwanawe. Mbele ya watu."

Makokha aliyaangalia magunia, akaliangalia lori, akamwangalia Edinah. Kisha akainama, akakung'uta kofia, akaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani, akiiacha baiskeli yake imeegemea ukuta.

Edinah alingoja wapakiaji waondoe magunia yaliyoanguka. Halafu akawasha. Eliakim alianza kusema juu ya saa sita, akamtazama usoni, akabadili mawazo. Paleti moja moja, lori la pili likajaa, la tatu likajaa. Matone ya kwanza yaliwakuta wakifunga turubai, saa nane. Kazi hawakunyang'anywa. Mwingine mwenye loda hakuwako Kabuchai nzima, na Eliakim alilijua hilo tangu mwanzo.

Nyumbani, mama mkwe wake, Sellah, alimngoja mlangoni pa jiko.

"Nimesikia," alisema. "Nimekaa na huyo mwanaume miaka arobaini na mitano na mimi mwenyewe sijamwita hivyo. Utaenda kumwomba msamaha."

"Nitaenda, Mama. Lakini niombe msamaha kwa nini? Kwa sababu yuko hai?"

Sellah alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Baadaye alisema polepole, bila kugeuka, "Kofia nimeiona. Na koti lake nimelitoa mahindi. Hata mfukoni yaliingia."

Siku tatu Makokha hakusema na Edinah. Alipita mbele ya jiko lake asubuhi na jioni akiangalia kwingine. Siku ya nne Sellah ndiye aliyeleta ujumbe: mzee anaenda Kitale kurudisha zile foki, na amesema anayeendesha aende achague.

Pale yadi, Wahu alisikiliza habari yote bila kucheka. Alitoa jozi tatu za futi nne. Edinah alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kona kila foki inapopinda, maana ufa huanzia hapo. Ya kwanza ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Akaikataa. Ya pili pini yake ya kufungia ililegea. Akaikataa pia. Makokha alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Hizi," Edinah alisema kuhusu ya tatu.

"Na muweke uzito nyuma," Wahu akaongeza. "Pipa la zege, mlifunge pale panapofungwa plau. Bila hivyo hata fupi zitakuonyesha mambo."

Jumamosi Edinah alisikia koleo likikwaruza nyuma ya nyumba. Alipotoka, alimkuta baba mkwe wake peke yake, mikono ya shati imekunjwa, akichanganya saruji na kokoto na kuzimimina kwenye pipa la mafuta. Pipa lilikuwa limefika nusu. Mzee hakuinua kichwa.

"Hapa inatosha?" aliuliza.

Edinah alisimama umbali unaostahili, akalipima pipa kwa macho, akaipima na trekta.

"Ongeza, Papa."

Akaongeza.