Pumzi ya Mama na Dari ya Theuri

Nyumba mpya ya Theuri kule Endarasha, Kieni, ilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa hewa kupita. Fundi Muriithi alikuwa ameacha mwanya mwembamba chini ya mabati, kuzunguka nyumba nzima, akaupigilia wavu ili ndege wasiingie. Alipoondoka tu, Theuri akapanda ngazi na ndoo ya simiti, akauziba wote kwa mkono wake. Baridi ya Kieni inauma, na yeye hakujenga nyumba ya mawe ili upepo ujitembelee darini. Siku ya kuiombea nyumba aliwaambia wageni kwamba humu ndani hata sauti ya upepo hutaisikia. Wageni wakapiga makofi. Ngendo, mama yake, alipiga kuliko wote, ingawa nyumba yake ya mbao ilikuwa imebomolewa wiki ile ile ili gari la mwanawe lipate pa kuegeshwa.

Miezi ya baridi ilipofika, dari ikaanza kudondosha maji. Mvua haikuwa imenyesha. Kila asubuhi, katika chumba alichopewa humo ndani, matone yaliangukia blanketi la Ngendo, na ukuta ulio kando ya kitanda ukaota ukungu mweusi. Muriithi aliitwa, akachungulia darini, akasema bila kuzunguka.

"Joto ya nyumba inapanda na unyevu yake, inakutana na mabati baridi, inageuka maji. Fungua ile mwanya. Halafu weka sufu juu ya dari ndio joto ibaki huku chini."

"Ati nifungue baridi iingie?" Theuri akamjibu. "Wewe uliweka mabati vibaya, sasa unatafuta pa kujificha."

Jioni hiyo alikaa na simu yake akisoma habari za unyevu nyumbani, na kama mtu yeyote asiyetaka kukosolewa, akaokota kile kilichomfaa. Alianza na birika: mama asichemshie chai chumbani. Kisha nguo zake zisianikwe ndani. Kisha githeri yake, iliyokuwa ikichemka kutwa, ihamie jiko la nje. Ngendo alitii yote, na maji yakaendelea kudondoka.

Ndipo siku moja mezani, mbele ya Wangui mkewe, Theuri akamwambia mama yake, "Maitu, wanasema hata pumzi ni maji. Na wewe unashinda ndani umefunga mlango. Hiyo chumba yako ndio mbaya kuliko zote."

Wangui aliinua macho. "Kwani apumulie wapi?"

Theuri akacheka, akidhani ni mzaha. Ngendo hakucheka. Alikuwa amepumua miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa kufanya hivyo anaharibu mali ya mtu. Aliona haya, kama mgeni aliyemwaga chai kwenye zulia, na chini ya ile haya palikuwa na hasira ambayo hakuitolea neno. Kesho yake alihamishia kitanda chake katika jiko la nje, banda la mbao lenye moshi, ambamo upepo uliingia upande huu ukatokea ule. Theuri alimsihi mara moja, majirani wakisikia, na hakumsihi tena.

Mwezi wa Agosti bodi ya dari sebuleni ililowa hadi ikashindwa kujibeba, ikaangukia makochi mapya. Siku hiyo hiyo Theuri alimpigia Muriithi simu. Simiti ikavunjwa, mwanya ukafunguka pande zote, marobota ya sufu yakatandazwa juu ya dari, na kati ya sufu na mabati hewa ikaachiwa njia yake. Wiki moja baadaye mabati yalikuwa makavu, na nyumba ilikuwa na joto kuliko zamani.

Theuri akaenda kule jikoni na furaha ya kweli.

"Maitu, rudi ndani. Chumba yako imekauka, hata nimeipaka rangi."

Ngendo alikuwa akikoroga uji. "Ni vizuri."

"Haikuwa wewe. Ni hewa ilikosa njia."

"Muriithi alikuambia hivyo nikiwa nimekaa hapo."

Ngendo akaendelea kukoroga.

"Maji iliniangukia mimi, ukanitafutia makosa," mama akasema bila kupandisha sauti. "Ikaangukia kochi, ukatafuta fundi."

Akajaza kikombe akampa. Theuri alikunywa uji wake akiwa amesimama, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na pa kukaa ila kitandani, na hakukaribishwa.