Shamba Lililobaki Kijani

Anastasie alifungua mlango na majivu ya jana mkononi, akitaka kuyamwaga nyuma ya choo kabla ya kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. Mguu wake ukakanyaga kitu laini. Akainama. Lilikuwa fungu la majani ya ngano, limefungwa kwa kamba, limelazwa katikati ya mlango. Halikumdondoka mtu. Mtu alikuja akaliweka. Majani yalikuwa na vipele vya rangi ya chungwa toka juu mpaka chini.

"Mama, ni nini?"

Binti yake Vanessa alikuwa ameshaligusa. Vidole vyake vikabaki na unga, kama mtu aliyeshika bati lenye kutu.

"Usiguse! Kwenda kunawa. Na sabuni!"

Hakumweleza mtoto. Angemweleza nini? Kule kilimani, juu ya Mbunya, wanawake waliokimbia vita walikuwa wamepewa vipande vya shamba na proje moja ya msaada ili walime ngano. Mvua zilipozidi, ugonjwa ukaingia. Kwanza madoa madogo kwenye majani ya chini, halafu shamba lote likageuka rangi ile. Ukipita katikati, nguo inatoka na unga mpaka magotini. Vipande vyote viliugua isipokuwa kimoja. Kile kimoja kilikuwa cha Anastasie.

Siku za kwanza alimshukuru Mungu. Halafu akaona namna watu wanavyosimama njiani, wanaangalia shamba lake, wanaondoka bila kumsalimu. Hapo akaanza kuogopa.

Vita vilikuwa vimenyamaza. Watu wa Saio, mtaa wake, walirudi kusalimiana, kuazimana chumvi, kuzikana. Lakini kila mmoja alijua mwenzake ametoka upande gani, na usiku neno dogo likisemwa kwa sauti, milango ilifungwa. Ndiyo maana mama mwenye akili hapendi kitu chake kipone peke yake.

Kwenye robine, bomba la mtaa, kulikuwa na mstari wa bidoni za maji. Anastasie alipofika, maongezi yakakatika.

"Mama Vanessa, pita mbele," akasema mwanamke mmoja. "Weye hauna lazima ya kupanga mustari. Maji itakuya yenyewe, itakujua."

Wakacheka.

"Utuuzishie ile dawa, mama. Ata kijiko moja tu."

"Haiko dawa," Anastasie akajibu, akijaribu kucheka nao. "Ni Mungu tu."

"Mungu ya Fataki?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Fataki ndiko Anastasie alikotoka.

Musoki, muuza samaki wa chumvi aliyehamia kutoka Butembo, alikuwa na kipande kilichopakana na chake. Aliinama kama anayefunga kifuniko cha bidoni, akasema bila kuinua uso:

"Kesho asubui Kapita Lambert anapandisha batu yote kule shamba. Banakuya na majembe. Banasema kuko kitu ulizika pale katikati. Dada, kama kiko, ukitoe leo."

"Musoki! Ata weye?"

"Mi sisemi kitu. Minakuambia tu. Unakumbuka Adolphe."

Nani angemsahau Adolphe? Mwaka uliopita mbuzi wa barabara yake wote walikufa kwa kikohozi, wa kwake wakabaki wanaruka. Maneno yalianza hapohapo kwenye robine. Nyumba yake ikachomwa na watoto wake wakatoka kwa dirisha. Mkubwa aliyekuja kuchunguza alikaa kwenye kiti, akanywa chai, akawauliza waliochoma kama ni kweli Adolphe alikuwa na dawa.

Anastasie alijua kwa nini ngano yake haikuugua, au alijua nusu. Mbegu yake haikuwa mbegu ya wenzake. Proje iligawa ngano nyeupe, nene, nzuri kwa macho, na ikasema: atakayeila atanyang'anywa shamba. Wiki ile Vanessa alikuwa amelala na njaa mpaka akaacha kulia, na mtoto akiacha kulia kwa njaa, mama hasikii tena proje inasema nini. Anastasie aliipika ile mbegu. Kisha akafungua kifundo ambacho mama mkwe wake alikifunga kwenye ncha ya kikwembe, nguo yake ya kujifunga, siku walipokimbia. Ilikuwa ngano ya zamani ya Fataki, nyekundu, yenye ndevu ndefu zinazochoma mikono, ngumu kupura. Hakuna mtu aliyekuwa akiitamani. Akaipanda yote.

Sasa angesema nini pale robine? Akisema "mbegu yangu ni nyingine," shamba limekwenda. Asiposema, kesho Kapita, mkuu wa mtaa, anakuja na watu na majembe.

Alimwacha Vanessa kwa jirani, akateremka mjini na mashina mawili ndani ya mfuko wa plastiki, moja gonjwa la lile fungu, moja kijani alilolichuma shambani kwake. Biro, ofisi ya proje, ilikuwa na benchi nje, na juu ya benchi watu waliokaa kama waliozaliwa pale. Aliketi mpaka jua likamfika magotini. Kisha Agronomu Olivier, kijana mpole mwenye viatu safi, akamwita.

Olivier alipeleka mashina dirishani. Akalipangusa lile gonjwa kwa kidole, akauangalia unga. Kisha akageuza lile la kijani, jani kwa jani, na uso wake ukafunguka.

"Eh, mama! Hii umeitoa wapi?"

"Kwa shamba yangu. Batu banasema niliweka dawa."

"Dawa gani? Hii ni kutu ya majani. Upepo unaileta, inaanguka kwa kila shamba, kwa yako pia. Ona hapa, hii vidoa kidogo sana, ilijaribu kuingia ikashindwa. Mbegu zingine zinazaliwa hivi. Ugonjwa unatua kwa jani, unakosa fasi ya kupitia. Haiko uchawi. Ni aina ya mbegu."

Anastasie alijisikia kama mtu aliyetuliwa bidoni toka kichwani. Kitu kile kilikuwa na jina. Mtu wa shule alikuwa akilijua.

"Basi kuya useme vile," akamwambia. "Kesho asubui, mbele ya Kapita. Useme na kinywa yako."

"Kesho?" Olivier akacheka kidogo. "Mama, mi sitoki bila ordre de mission, ile karatasi ya ruhusa. Chef iko Kisangani. Na moto, ile pikipiki, haiko na mafuta."

"Mafuta nitakopa."

"Na kule kilima, wakubwa banatukataza kupanda. Banasema usalama bado." Akalitazama tena lile shina. "Lakini ngojea. Siye hatukugawa ngano ya ndevu. Mbegu yetu iko wapi?"

Anastasie aliangalia viatu vyake mwenyewe.

"Tulikula."

Olivier akaenda kufunga mlango. Aliporudi hakukaa.

"Mama, hii neno usiirudilie kwa mutu. Nikipanda kule, nitasema nini? Nikisema mbegu yako inashinda yetu, wakubwa bataniuliza iliingia namna gani. Bataandika nini? Kwa proje, ngano yako haiko."

"Iko! Iko kule, inasimama!"

"Kwa proje haiko."

Hakuwa mtu mbaya. Alimsindikiza mpaka kwenye geti, na hapo getini akapunguza sauti: "Ikikomaa, uniletee kidogo. Kimya-kimya."

Anastasie alimchukua mtoto wake, wakapanda kilima. Hakukuwa na mtu shambani. Alivuna majani yaliyougua pembeni ya kipande cha Musoki, akajaza kikwembe, akaanza kuyapaka kwenye ngano yake, shina kwa shina, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

"Mama, sasa itagonjwa?"

"Haitagonjwa."

"Basi tunafanya nini?"

"Tunaivalisha. Paka upande wa njia kwanza."

Walipaka mpaka mikono yao ikawa ya rangi ya chungwa kufika viwiko. Anastasie akateremka mpaka njiani, akasimama pale watu husimama, akatazama. Shamba lake lilifanana na mengine. Kwa mara ya kwanza toka asubuhi akataka hata kucheka.

Mvua ikatoka upande wa milima. Haikukaa sana. Walijifunika kikwembe, wakachuchumaa, wakasikia maji yakipiga majani. Ilipokwisha, maji ya rangi ya chungwa yalikuwa yakiteremka kwenye mifereji. Majani ya Musoki yalibaki yamekauka. Ya Anastasie yalikuwa yameoshwa, yamesimama na ndevu zake, ya kijani kuliko jana.

Akachukua mundu aliokatia majani ya Musoki.

"Mama, bado haijaiva!"

"Kamata mafungu, Vanessa. Usiongee."

Alianza upande wa njia. Mundu ulikuwa mkali na ngano ilikuwa na maji, ilikatika bila shida. Mtoto alipanga mafungu nyuma yake akilia kwa sauti ndogo. Jua lilikuwa bado liko juu ya kilima kingine walipofika mwisho.

Asubuhi wakaja. Kapita Lambert alitangulia na fimbo yake, na watu nyuma yake, wengine na majembe begani. Anastasie alikuwa amesimama katikati ya visiki, amemshika Vanessa kwa bega. Alimshika kwa nguvu mno, mtoto akajikunja.

Watu walisimama. Kapita akaingia, akapiga ardhi kwa fimbo, hapa, na pale. Akalitazama fungu moja.

"Ulikata weye mwenyewe?"

"Ndiyo, Kapita."

"Sababu gani?"

"Iligonjwa."

Mafungu yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu, ya kijani kabisa.

"Bon," akasema Kapita. "Sasa tuko sawasawa."

Majembe yakashuka. Yule mwanamke aliyeuliza juu ya Mungu wa Fataki akamsalimu, akamwuliza Vanessa kama anasoma vizuri. Kabla ya kuondoka Kapita akageuka.

"Hii majani isiozee hapa. Nitaleta mbuzi."

Musoki alibaki. Alingoja mpaka sauti za wenzake zikafika chini, akasogea. Macho yake yalikuwa kwenye kipande chake kilichokufa.

"Dada, ulichunga mbegu? Ata kikombe moja."

"Jana ungeniomba mbele yao?"

Anastasie akaokota suke moja, akaminya punje. Ikapasuka, maziwa meupe yakamtiririka kidoleni.

"Bado ilikuwa maziwa," akasema. "Hii haioti."

"Na kule nyumba?"

"Nilipanda yote."

Musoki akalichukua lile suke. Akaminya punje ya pili. Akaminya ya tatu. Chini njiani mbuzi wa Kapita walikuwa wameanza kupanda, na yeye bado alikuwa anaminya, punje moja moja, akitafuta iliyo ngumu.