Mlango wa Boyi

Papa Dominique alijikuta ameshika kitasa cha mlango wa jikoni. Binti yake Syntiche alikuwa amemwonya, "Papa, leo upite mulango ya mbele," naye akakubali. Lakini mazoea yana taabu. Ujana wake wote alikuwa boyi, mtumishi wa nyumbani, katika villa hii, enzi za mzungu mwenye viwanda, na boyi hakukanyaga ngazi za mbele ila kwa kuzipiga deki. Sasa nyumba imekuwa ya waandishi, na jioni hiyo Syntiche angesoma hadithi zake mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Jikoni, mama mpishi akaiangalia suti yake iliyopauka. "Papa, ni weye banatuma utusaidie? Kamata plateau, bantu beko na kiu."

Angeweza kusema: mimi ni baba wa mwandishi. Mikono ndiyo iliyojibu, ikapokea sinia la glasi za maji. Na miguu nayo, bila kuulizwa, ikavua viatu, maana saluni, sebule ya mzungu, haikukanyagwa na viatu vya boyi.

Huko saluni Syntiche alikuwa na wageni, amependeza, kitabu mkononi. Bwana mmoja mwenye tai akamuuliza, "Ule muzee wa miguu wazi ni nani?"

Syntiche akamwona baba yake. Akatazama vile vidole vya miguu, akatazama sinia, kisha akatazama pembeni.

"Anatumikaka hapa," akajibu, kana kwamba ni mtumishi tu wa nyumba.

Mzee alisikia. Aibu ikampanda toka nyayo hadi masikioni, wala si kwa kukanwa na mtoto. Ni kwa kuwa yeye ndiye aliyemwaibisha, siku yake kuu. Akaona heri amsitiri. Akainama kidogo mbele yake.

"Mayi, Madame?"

Syntiche akapokea glasi, na hapo hapo jina lake likaitwa. Kwenye maikrofoni alifungua kitabu, akakifunga.

"Nilisema bongo," akakiri uongo wake, machozi yanamtoka. "Ule muzee ni papa yangu. Papa, kuya hapa mbele."

"Voilà, Madame!" mzee akaitika kama boyi aliyeitwa, kabla hajawaza.

Watu wakacheka kwa upole, wakidhani ni utani. Syntiche hakucheka. Wakampisha mzee, akafika katikati ya saluni na sinia lake, akitafuta pa kuliweka. Meza zote zilijaa vitabu.

"Weka tu chini, Papa."

Akaitazama ile sakafu aliyoipiga deki ujana wake wote, jinsi inavyong'aa, akaendelea kulishika.